Namna ya Kuainisha Brakiopodi wa Mwanzo wa Kambria kwa Kusoma Magamba Yao

Mtu akikutana na brakiopodi, mnyama wa baharini mwenye makombe mawili, ndani ya mwamba wa Kambria, kipindi cha kale cha kijiolojia, macho hukimbilia umbo la nje kwanza: huyu ni duara, yule amerefuka, yule ana mbavu. Kwa brakiopodi wa enzi za baadaye unaweza kufika mbali kwa njia hiyo. Kwa wale wa mwanzo wa Kambria utapotea mapema, maana makundi yasiyo na udugu wa karibu yalivaa sura zilezile. Mwongozo huu unageuza mpangilio. Kwanza tunauliza gamba limejengwa kwa madini gani, kisha ukingo wa nyuma una nini, hasa pale kikonyo, kishina cha kujishikizia, kilipotokea. Baada ya hapo ndipo zinakuja nakshi, gamba la utotoni na alama za ndani. Umbo la nje linasubiri zamu yake, na zamu yake ni ya mwisho.

Ninaposema mwanzo wa Kambria nina maana ya vipande viwili vya kwanza vya kipindi hicho: Terreneuvian, inayoanza miaka milioni 538.8 iliyopita, na Series ya 2, inayoanza kama miaka milioni 521 iliyopita. Brakiopodi wakongwe zaidi wanaofahamika vizuri ni wa oda ya Paterinida, akiwemo Aldanotreta wa Siberia, kutoka matabaka yanayoitwa Tommotian, ambayo yako chini kidogo ya matabaka yenye trilobiti wa kwanza (wanyama wa bahari waliotoweka, wenye gamba la vipande na miguu ya viungo). Kufikia mwisho wa Series ya 2 tayari kulikuwa na Lingulida, Acrotretida, Obolellida, Kutorginida, Chileida, na hata wa kwanza wenye meno ya bawaba. Msongamano huo ndani ya muda mfupi wa kijiolojia ndio unaofanya kazi hii iwe ngumu.

Maneno ya kushika kabla hujaanza

Brakiopodi ana makombe mawili. Kombe la tumbo ndilo ambalo kwa kawaida linahusika na kikonyo, yaani kile kishina chenye nyama ambacho mnyama alikitumia kujishikiza chini. Kombe la mgongo ndilo lililobeba lofofori, kiungo cha kuchujia chakula. Sehemu ya kale kuliko zote katika kila kombe ni kilele, na mistari ya ukuaji huzunguka kuanzia hapo. Upande wa kilele ni nyuma. Upande makombe yanapofunguka ni mbele. Kati ya kilele na ukingo wa nyuma mara nyingi kuna sehemu bapa ambayo hapa nitaiita bapa la nyuma, na katikati ya bapa hilo huweza kuwa na mwanya wa pembetatu. Mwanya wa kombe la tumbo huitwa delthiriamu, wa kombe la mgongo notothiriamu. Ukielewa sehemu hizo, mengine yatafuata.

Hatua ya 1: Soma mwamba kabla ya gamba

Andika mahali, tabaka, aina ya mwamba na visukuku vingine vilivyo jirani. Trilobiti na arkeosiathi (sponji wa kale waliotoweka) husaidia kujua uko wapi katika wakati. Aina ya mwamba ni muhimu zaidi ya watu wanavyodhani: mawe ya chokaa hukupa makombe yenye mviringo wake wa asili, yanayoweza kutolewa kwa asidi, mawe ya tope hukupa makombe yaliyolaliwa na uzito wa matabaka hadi yakawa bapa, mawe ya mchanga mara nyingi hukuachia chapa tu. Sifa unazoweza kuzitegemea hubadilika kufuatana na hilo.

Hatua ya 2: Hakikisha ni brakiopodi

Kanuni ya msingi ni ulinganifu. Kwa brakiopodi, mstari unaomgawa mnyama katika nusu mbili zinazofanana hupita katikati ya kila kombe, kutoka kilele hadi ukingo wa mbele. Nusu ya kushoto ya kombe hufanana na nusu ya kulia, ila kombe la tumbo na la mgongo hazifanani. Kwa moluska wenye makombe mawili ni kinyume: kombe la kushoto ni kama kivuli cha la kulia, lakini kombe moja peke yake huwa limeinamia upande. Katika miamba hii wako moluska wadogo sana wa aina hiyo, Pojetaia na Fordilla, na kwa ukubwa wao wa milimita chache huchanganyika kirahisi na brakiopodi wachanga.

Moluska si wasumbufu pekee. Bradoriida, jamaa wa arthropodi (kundi la kaa na wadudu), nao wana magamba mawili, mengine yenye fosfeti, tena yenye bawaba iliyonyooka. Dawa yake ni mistari ya ukuaji. Arthropodi hujivua gamba na kuvaa jipya, kwa hiyo hutaona mistari iliyopangana kuzunguka kilele. Ukiona gamba dogo lenye bawaba, lenye vinundu, na bila mstari hata mmoja wa ukuaji, liweke kando.

Vifuniko vya hayoliti, wanyama wa bahari waliotoweka waliokuwa na gamba la koni lenye kifuniko, ni mtego mbaya zaidi, kwa sababu vina mistari ya ukuaji na kilele. Kigeuze uangalie ndani. Kifuniko cha hayoliti kina miinuko ya pekee karibu na ukingo, jozi ya pembe fupi na matuta yanayotawanyika kutoka hapo, mpango ambao hakuna brakiopodi anao. Helkionelloidi, ambao ni moluska wa gamba moja la koni, hufanana kwa mbali na kombe la tumbo la Acrotretida, ila hawana tundu la kikonyo wala bapa la nyuma, na mara nyingi unachokishika ni kiini cha fosfeti kilichojaza koni, si gamba lenyewe. Wako pia Stenothecoida, wenye makombe mawili ya kalisi, kila kombe likiwa limepinda upande, ulinganifu utakuambia.

Kuna kundi moja ambalo halitengwi kwa urahisi hivyo, nalo ni tommotiidi, wanyama wa kale wanaojulikana kwa vigae vyao vya fosfeti. Nitalirudia, kwa sababu hao si wageni bali ni jamaa.

Hatua ya 3: Pima madini ya gamba

Hapa ndipo brakiopodi wanapogawanyika katika matawi makubwa. Linguliformea walijenga gamba kwa kalisi fosfeti pamoja na protini na kitini. Rhynchonelliformea na Craniiformea walijenga kwa kalisi kaboneti. Mgawanyo huu wa faila ndogo tatu ulipendekezwa mwaka 1996, nao ulichukua nafasi ya ule wa zamani wa "wenye bawaba ya meno" na "wasio na bawaba ya meno". Ukikuta lebo za zamani kwenye makabati zikitumia mgawanyo wa kwanza, usizitafsiri moja kwa moja kuwa fosfeti na kaboneti. Katika Kambria wako wengi wa kaboneti wasio na jino hata moja. Kuhusu Craniiformea, utawahitaji kwa nadra sana katika umri huu. Wale wa hakika huanza baadaye, katika Ordovisia, kipindi kinachofuata Kambria.

Kwa mawe ya chokaa, njia ya kawaida ni asidi ya asetiki iliyopunguzwa makali hadi kama asilimia 10 au chini. Asidi hula chokaa na kuacha fosfeti. Mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Fanya kazi penye hewa ya kutosha, vaa miwani na glavu. Weka jiwe juu ya wavu ndani ya ndoo ili mabaki yadondoke chini na yasizikwe. Kila unapobadilisha asidi, bakiza sehemu ya ile iliyokwisha kutumika. Ina kalisi asetati inayotuliza makali, na bila hiyo asidi huanza kung'ata uso wa fosfeti na kufuta nakshi ambazo utazihitaji baadaye. Kazi huchukua siku hadi wiki kadhaa. Chekecha mabaki kwa chekeche laini, suuza kwa maji mengi, kausha polepole, kisha chambua chini ya hadubini kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa kidogo. Usitumie asidi hidrokloriki kwa haraka ya kumaliza; hiyo inakula na fosfeti.

Makombe yaliyobaki baada ya asidi ya asetiki huwa ya fosfeti, lakini si lazima. Kaboneti ikibadilishwa na silika, itabaki pia. Silika huwa na chembe zinazoonekana na haina mng'ao, na kipande chake hukwaruza kioo, wakati fosfeti ni laini kidogo kuliko kioo. Tatizo gumu zaidi ni kaboneti iliyopakwa au kujazwa fosfeti baada ya mnyama kufa, jambo la kawaida sana katika mawe ya chokaa ya umri huu. Hapo unachokiona ni ngozi nyembamba ya fosfeti yenye chapa ya uso wa ndani au wa nje, bila matabaka ya gamba lenyewe. Vunja kipande kidogo kisicho na thamani ukitazame ukingo wake uliovunjika. Gamba halisi la fosfeti lina tabaka juu ya tabaka zilizopangwa kwa utaratibu. La Acrotretida lina vinguzo vidogo sana vinavyosimama kati ya tabaka moja na jingine. Ngozi ya fosfeti ya baadaye haina mpango huo.

Katika mwamba wa tope ambako hakuna cha kuyeyusha, tazama rangi na mng'ao. Fosfeti huwa ya kahawia, nyeusi au ya kijivu yenye ubuluu, tena inang'aa. Kaboneti katika tope mara nyingi imeyeyuka ikaacha chapa isiyo na mng'ao. Ukiwa na hadubini ya elektroni yenye kipima elementi, tafuta fosforasi. Lakini kumbuka kwamba mwamba wa pembeni nao unaweza kuwa nayo, kwa hiyo pima gamba na mwamba, ulinganishe.

Hatua ya 4: Tenga tumbo na mgongo

Kama una makombe yaliyoachana, na mara nyingi ndivyo ilivyo, panga kwanza kwa jozi zinazowezekana. La tumbo kwa kawaida huwa limeinuka zaidi, kilele chake kimetokeza, na lina tundu, mfereji au mwanya wa kikonyo. La mgongo huwa bapa zaidi, na kwa ndani linaweza kuwa na ukuta mwembamba wa kati. Kwa Lingulida tofauti ni ndogo: makombe yote mawili yamebinuka kidogo, ila la tumbo limechongoka zaidi nyuma na bapa lake limekatwa na mfereji. Usijaribu kutaja jenasi kwa kombe moja la mgongo ambalo halijaonyesha upande wa ndani.

Hatua ya 5: Soma ukingo wa nyuma wa kombe la tumbo

Kama una muda wa kuangalia sehemu moja tu, iwe hii. Ligeuze kombe ili ukingo wa nyuma ukutazame, liegemeze kwenye nta laini, mulika taa kutoka pembeni. Kwa vielelezo vya kupiga picha, mvuke wa amonia kloridi unaopakwa kama vumbi jeupe huondoa rangi zinazodanganya na kuacha umbo tupu.

Tuanze na gamba la fosfeti.

Ukingo wa nyuma ukiwa mrefu na umenyooka, karibu sawa na upana wa kombe, na ukaona mwanya wa pembetatu uliofunikwa kwa sehemu na bamba lililobinuka, umefika kwa Paterinida. Bamba hilo kwenye kombe la tumbo huitwa homeodeltidiamu, na mwenzake kwenye kombe la mgongo homeokilidiamu. Kuwepo kwa mabamba yote mawili ni ushahidi mzuri sana. Hawa ndio wanaowachanganya wanafunzi: gamba ni la fosfeti, lakini bawaba imenyooka na alama za misuli na mifereji ya ndani zinakaribia zile za Rhynchonelliformea. Ni kwa sababu hiyo walipewa ngeli yao wenyewe, Paterinata, badala ya kuchanganywa na Lingulata. Jenasi utakazokutana nazo mara nyingi ni Paterina, Micromitra, Dictyonina na Askepasma.

Ukingo wa nyuma ukiwa mfupi na wa kupinda, na bapa la nyuma likagawanywa katikati na mfereji ulio wazi hadi ukingoni, uko kwa Lingulida. Kikonyo kilipita kwenye mfereji huo, kati ya makombe mawili. Ndani ya Lingulida wa mwanzo kuna mabadiliko yanayofaa kufuatiliwa kwa makini. Eoobolus ana mfereji wa kawaida. Botsfordia na jamaa zake wana mwanya wa pembetatu badala ya mfereji mwembamba. Lingulellotreta ana tundu lililozungukwa kabisa na gamba, ndani ya bapa la nyuma lenyewe, na bapa hilo limerefuka sana. Vielelezo vya Lingulellotreta malongensis kutoka Chengjiang, Yunnan, China, wenye umri wa karibu miaka milioni 518, vimehifadhi hata kikonyo: kirefu, chembamba, kikitoka penye tundu. Kwa hiyo tundu katika gamba la fosfeti halitoshi kukupeleka kwa Acrotretida. Uliza tundu liko wapi.

Kwa Acrotretida, kombe la tumbo ni koni, wakati mwingine ndefu, na tundu liko kwenye kilele au nyuma yake kidogo tu. Upande wa nyuma wa koni una bapa, mara nyingi lenye mkunjo mwembamba wa wima katikati. Kwa ndani, karibu na kilele, kuna kinundu cha gamba kilichojijenga kuzunguka au mbele ya tundu, na pembeni yake vishimo viwili. Umbo la kinundu hicho ndilo hutenganisha jenasi nyingi, kwa hiyo koni iliyojaa mwamba ndani haijakupa nusu ya habari zake. Kombe la mgongo ni bapa na lina ukuta wa kati. Wote ni wadogo, mara nyingi milimita moja hadi chache. Linnarssonia na Eohadrotreta ni mifano ya Series ya 2.

Sasa gamba la kaboneti, ambako mambo hayajatulia.

Obolellida, kundi la Obolella aliyeelezwa na mtaalamu wa visukuku Billings mwaka 1861, kwa nje wangepita kuwa Lingulida: wadogo, wa mviringo, wamebinuka pande zote mbili, hawana meno ya kweli, na bapa la nyuma lina mfereji. Kinachowatenga ni madini. Ndiyo maana hatua ya 3 haiwezi kurukwa. Jamaa yao Trematobolus ana tundu la kikonyo mbele ya kilele, juu ya uso wa kombe.

Kutorginida wana kombe la tumbo lililobinuka sana na mwanya mpana uliofunikwa kwa sehemu, pamoja na tundu dogo kileleni. Makombe yao hayakushikana kwa meno na vishimo; yaligeukia kwenye mikunjo rahisi kando ya bawaba. Tundu la kileleni limewafanya watu wengi wachore kikonyo kikitokea hapo. Kisha vikapatikana vielelezo vya Kutorgina chengjiangensis vyenye nyama iliyohifadhiwa, na kikonyo, kinene na chenye pete, kilikuwa kinatoka kati ya makombe mawili upande wa nyuma. Kwangu huu ndio mfano bora wa kwa nini tundu linapaswa kuandikwa kwanza kama tundu, si kama njia ya kikonyo. Nisusia, wa kundi hilohilo, ana bawaba ndefu, mbavu na mara nyingi miiba midogo.

Chileida wana bawaba iliyonyooka, hawana meno, lakini eneo la kilele cha kombe la tumbo limetobolewa na tundu kubwa lililopanuka kuelekea mbele kadiri mnyama alivyokua, kwa gamba kuyeyushwa na mnyama mwenyewe. Kingo za tundu hilo huonekana zimekata mistari ya ukuaji, jambo linalokuthibitishia kwamba si ajali ya uhifadhi. Naukatida ni wachache zaidi, nao wana vifaa vya kushikana vya aina yao. Ukishuku kwamba unaye, linganisha na vielelezo vilivyoelezwa tayari kabla ya kuandika lolote.

Ukikuta meno mawili halisi kwenye kombe la tumbo, kila moja pembeni mwa delthiriamu, na vishimo vya kuyapokea kwenye kombe la mgongo, uko kwa Protorthida au Orthida, mfano Glyptoria. Hao ni wageni wa mapema wa ukoo uliokuja kutawala bahari za Ordovisia.

Hatua ya 6: Nakshi na gamba la utotoni

Nakshi hutenganisha jenasi ndani ya kundi ulilokwisha kulipata, hazikupi kundi. Miongoni mwa Paterinida, Dictyonina ana wavu wa vishimo vilivyopangwa, Paterina ana mistari ya kuzunguka inayotawala, Micromitra huongeza mistari inayotawanyika kutoka kileleni. Eoobolus ana chembe ndogo sana zilizotapakaa juu ya gamba la ukubwani, na kwa lenzi ya mkono hutaziona. Bila hadubini ya elektroni anaweza kuandikwa kuwa Lingulella, na bila shaka makabati mengi yana majina ya namna hiyo. Kutorgina ana mikunjo ya kuzunguka.

Gamba la utotoni ni kile kiduara kilicho kileleni, chenye upana wa sehemu ndogo ya milimita, kikitengwa na mstari unaoonekana wazi. Kwa Acrotretida uso wake umejaa vishimo vidogo vya duara. Baadhi ya Lingulida wanavyo pia, kwa hiyo sifa hii ni shahidi wa pili, si wa kwanza. Ikiwa kilele kimelika, sema kimelika. Kilele laini kwa sababu ya kusuguliwa na kilele laini kwa asili ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo huonekana ukilinganisha na uso wa karibu yake.

Hatua ya 7: Ndani ya kombe

Alama za misuli na mifereji ya joho, ile ngozi iliyotandaza gamba kwa ndani, huonekana vizuri mwanga ukiwa wa pembeni sana. Lingulida wana mifereji miwili mikuu inayopinda kuelekea mbele kama fimbo, na misuli iliyotawanyika, kwa sababu makombe yao yaliweza kuteleza moja juu ya jingine. Paterinida na Rhynchonelliformea wa mwanzo wana mifereji mipana iliyo kama vifuko, na misuli imekusanyika nyuma. Chora unachokiona kabla ya kutafuta mchoro wa kulinganisha. Ukianza na mchoro wa mtu mwingine, jicho litaona hata kisichokuwepo.

Hatua ya 8: Vipimo, na umbo la nje hatimaye

Pima urefu, upana, kimo cha koni, urefu wa bapa la nyuma na upana wake, kwa makombe mengi kadiri uliyonayo. Weka tumbo na mgongo katika jedwali tofauti. Kisha pangilia kwa ukubwa. Mara nyingi "spishi mbili" hugeuka kuwa mchanga na mzee wa spishi moja, kwa sababu uwiano wa urefu na upana hubadilika mnyama anapokua. Mistari ya ukuaji hukuonyesha hilo ndani ya kombe moja: fuata mstari wa ndani uone mnyama huyo alikuwa na umbo gani alipokuwa nusu ya ukubwa wake.

Katika mawe ya tope, koni iliyokandamizwa huwa duara lenye nyufa zinazotoka katikati. Nyufa hizo zenyewe ni habari: zinakuambia palikuwa na kimo. Makombe yaliyovutwa na mwamba huinama upande mmoja yote kwa pamoja. Ukiona vielelezo vyote vya tabaka moja vimerefuka kuelekea upande uleule wa jiwe bila kujali vilivyolala, vipimo vya umbo havina kazi hapo.

Hatua ya 9: Wasiokubali kuingia

Baadhi ya magamba yatapita hatua zote na bado yakakataa kukaa. Mickwitzia, anayefahamika kutoka mawe ya mchanga ya Uswidi na Estonia, ana gamba la fosfeti lililotobolewa na vijirija (mirija midogo sana) vingi vinavyosimama wima, ambavyo vingine vilibeba nywele ngumu. Micrina wa Australia Kusini, tommotiidi niliyemwahidi hapo juu, alidhaniwa kuwa na vigae vingi vya mwilini. Baadaye, mwaka 2008, vigae vyake viwili vilielezwa kuwa vilikaa kama makombe mawili. Salanygolina wa Mongolia aliwahi kuwekwa kwa Paterinida, kisha akahamishiwa kwenye shina la Rhynchonelliformea. Hao wako kwenye mizizi ya ukoo, kabla matawi hayajakamilika, na ni kawaida wachanganye sifa. Ukiona vijirija vya wima katika gamba nene la fosfeti, andika hivyo na usilazimishe oda ya kisasa.

Hatua ya 10: Andika jina kwa kiwango cha ushahidi

Chukua mfano. Una kombe la tumbo kutoka mabaki ya asidi: fosfeti yenye matabaka na vinguzo, koni, tundu kileleni, ndani limejaa mwamba. Andika Acrotretida gen. et sp. indet. (yaani jenasi na spishi hazijatambuliwa), basi. Ukifanikiwa kulisafisha na kinundu cha ndani kikalingana na cha Linnarssonia, lakini huna kombe la mgongo, andika Linnarssonia? sp., na alama ya kuuliza iwe mara baada ya jenasi kwa kuwa shaka iko kwenye jenasi. Ukiwa na makombe yote mawili, na yanakaribia spishi inayofahamika isipokuwa ukubwa wa ukuta wa kati, tumia cf. Ukiwa na uhakika kwamba ni spishi tofauti yenye udugu na ile, tumia aff.

Mfano wa pili: chapa katika mwamba wa tope, duara, milimita sita, haina mng'ao, bapa la nyuma halionekani. Hapo hakuna oda ya kutaja. Lebo yake iwe na namba, tabaka, aina ya mwamba, neno "Brachiopoda", na maelezo kwamba madini ya gamba hayajajulikana, ili atakayepata kielelezo bora kutoka tabaka lilelile ajue pa kuanzia.

Katika kila lebo orodhesha sifa ulizoziona kwa macho, mbali na zile ulizozikisia, na ueleze kama ni gamba, kiini au chapa. Vielelezo vilivyopigwa picha vibaki na namba zilezile za kwenye picha, hata vikivunjika.